Jiko la makaa lisivuke mlango wa hema

Swali limetoka kwa msomaji wa Kasarani, nami nimelifupisha kidogo: "Sisi ni vijana watano. Tunataka kulala kando ya Ziwa Ellis, Mlima Kenya, usiku wa Jumamosi moja mwezi Januari. Tumewahi kupiga kambi mara moja tu, Naivasha. Tuna hema la watu sita tulilonunua soko la mitumba la Gikomba, na tutaondoka Nairobi Jumamosi alfajiri. Kinachotutia hofu ni baridi. Mwenzetu mmoja anasema tubebe jiko la makaa, likishashika vizuri na moshi ukiisha tuliingize hemani tulale nalo. Wengine tunasita. Je, ni sawa? Na hema tulipige wapi ili tukiamka tulione ziwa?"

Hapana. Jiko la makaa lisiingie hemani, liwe limeshika au halijashika, mlango uwe wazi au umefungwa, hata kwa zile dakika kumi za kupasha hewa kabla ya kulala. Mwambie mwenzenu leo, kabla hamjagawana vya kubeba. Jiko likishafika juu na baridi ikaanza kuuma, hakuna atakayekuwa na moyo wa kulikataa.

Najua wazo hilo lilikotoka. Wengi wetu tumelelewa kando ya jiko. Julai ikifika Nairobi, mama hulitoa jiko nje, akalipepea mpaka makaa yawe mekundu na moshi uishe, kisha akalirudisha ndani watoto wakalizunguka. Hapo ndipo tulipofundishwa kwamba hatari ni moshi, na moshi ukiisha hatari nayo imeisha. Sivyo. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala kukohoza. Hutoka hata makaa yakiwa mekundu ya kupendeza yasiyo na uzi mmoja wa moshi. Ukiivuta, hushikamana na himoglobini, ile sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoishinda ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na damu inabaki inazunguka mwilini bila kubeba ilichotumwa. Nyumba ya mabati ina nyufa na matundu, na bado kila msimu wa baridi tunasikia familia zilizolala na jiko zisiamke. Hema ni dogo kuliko chumba chochote, na limeshonwa kwa kitambaa kilichotiwa dawa kisipitishe maji. Kitambaa kisichopitisha maji hakipitishi hewa pia.

Mlimani kuna jambo la pili linaloifanya gesi hii iwe mbaya zaidi kuliko ilivyo Kasarani. Dalili zake za kwanza ni kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Ugonjwa wa mwinuko, ule unaompata mtu aliyepanda haraka mahali palipo juu, nao huanza kwa kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kizunguzungu. Mtu aliyeambiwa kwamba mlimani kichwa huuma atameza panadol, atajifunika vizuri na kulala. Hataamka kuuliza ni kipi kati ya viwili.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu. Ilikuwa kambi moja ya mlimani, miaka kadhaa nyuma, nami nilikuwa nimeongoza kundi jingine. Saa nane usiku nilisikia zipu ya hema la jirani ikivutwa, ikafika nusu, ikasimama. Ikavutwa tena, ikasimama. Nilipowasha tochi niliona kijana amepiga magoti, kichwa nje, kiwiliwili ndani, anatapika, na mkono wake bado umeshika kile kichuma cha zipu kana kwamba amesahau kilikuwa cha nini. Nilimuuliza wenzake wako wapi, akanijibu wamelala. Walikuwa wawili, na walikuwa hawaitiki. Katikati ya miguu yao palikuwa na jiko dogo lililofunikwa nusu kwa kifuniko cha sufuria, makaa yake bado mekundu. Tuliwaburuta nje pamoja na magodoro yao. Hewa safi iliwarudisha polepole, mmoja kwa karibu saa nzima, na kulipokucha wakateremshwa hadi hospitali. Yule aliyefika kwenye zipu aliniambia baadaye kwamba tangu saa nne kichwa kilikuwa kinamgonga, akadhani ni mlima. Ndiyo maana nasema hapana bila kuuma maneno.

Kwa hiyo shikeni hili: watu wa hema moja wakiumwa kichwa wote kwa wakati mmoja, na ndani kuna kitu kinachowaka au kilichokuwa kikiwaka, tokeni kwanza, mfikirie baadaye. Na si makaa peke yake. Jiko la gesi, taa ya mafuta, hata gari lililoachwa linanguruma huku mmejifungia ndani mpashe joto, yote yanaweza kuwatoa watu roho kwa njia hiyo hiyo. Pikeni nje. Upepo ukiwa mkali, jengeni ukuta wa mawe au egesheni gari likinge jiko.

Sasa baridi yenyewe, maana hofu yenu ni ya haki. Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya usawa wa bahari. Ziwa Ellis liko karibu mita 3,500. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi za Selsiasi, kwa hiyo usiku wa Januari ambao Kasarani ni nyuzi 12 au 13, pale ziwani utakuwa nyuzi mbili, au moja. Na Januari anga huwa wazi, hakuna wingu la kurudisha joto chini, kwa hiyo alfajiri mnaweza kukuta sakitu nyeupe, umande ulioganda, juu ya hema na maji yaliyoachwa kwenye sufuria yameshika barafu. Hiyo ni baridi ya kweli, lakini inashindwa bila moto wowote.

Inashindwa kuanzia chini. Wanaolala hemani mara ya kwanza hujirundikia blanketi juu, kisha wanatetemeka usiku kucha wasijue kwa nini. Mfuko wa kulalia hukupa joto kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani ya pamba yake. Upande ulioulalia umebanwa na uzito wako, hewa imetoka, umebaki kitambaa tu kati ya mgongo wako na ardhi baridi. Ardhi ile ni kubwa na wewe ni mdogo, itakunyonya mpaka asubuhi. Dawa yake ni povu. Nunueni magodoro membamba ya povu, yale ya kukunja kama mkeka, na kila mtu awe na mawili, moja juu ya jingine. Mkikosa, katoni kavu zilizofunguliwa zikatandikwa chini ya povu husaidia kuliko mtu anavyodhani. Godoro la kujaza hewa mlilolalia Naivasha liacheni nyumbani, au wekeni povu juu yake, kwa sababu hewa iliyo ndani huzunguka na kuleta baridi ya ardhi hadi mgongoni.

Mwilini, msilale na nguo mlizopandia. Hudi ya pamba iliyoingia jasho mchana ni kitambaa chenye maji saa tatu usiku. Kila mmoja abebe seti moja ya nguo kavu, iliyofungwa kwenye mfuko wa plastiki, isiyoguswa mpaka wakati wa kulala: suruali ya ndani ndefu, fulana ya mikono mirefu isiyo ya pamba, sweta ya sufu, soksi nzito, boshori. Kwa kuwa mnaijua Gikomba, hamna haja ya kwenda dukani kwa hayo. Majaketi ya manyoya ya bata yaliyovaliwa baridi ya Ulaya yapo mle, ukitafuta kwa subira. Yabonyeze kwa kiganja, na lililo hai hufura tena polepole.

Kuleni chakula chenye mafuta jioni, maana mwili ndio jiko lenu na unahitaji kuni. Kisha chemsheni maji, jazeni chupa ngumu yenye kifuniko cha kukaza, geuzeni mwone haivuji, ivisheni soksi na kuiweka kati ya mapaja ndani ya mfuko wa kulalia. Itakaa na joto sehemu kubwa ya usiku. Hilo ndilo nitakalompa yule mwenzenu badala ya jiko lake.

Hema la Gikomba linaweza kuwa zuri sana, au likawa la kuchezea watoto kiangazi huko lilikotoka. Lipigeni uwanjani wikendi kabla ya safari. Tazameni kitambaa cha nje kinashuka mpaka wapi. Kikiishia juu kama kofia, na kuta za ndani ni za wavu, upepo wa kule utalala nanyi. Kinapaswa kukaribia ardhi pande zote. Mwagieni ndoo mbili za maji kwenye mishono, kisha mmoja aingie ndani na tochi. Hesabuni vigingi, na mnunue vya ziada vilivyo virefu, kwa sababu udongo wa kule ni laini na vile vifupi vya waya hung'oka. Mkilala, acheni matundu ya juu wazi. Najua mtataka kuyafunga. Pumzi za watu watano kwenye hema lililozibwa hugeuka matone, matone yanadondoka, na mtu aliyelowa saa tisa usiku amekwisha kupoteza vita na baridi.

Hapo tumefika kwenye swali lako la pili. Kuliona ziwa mnapoamka, mtaliona. Lakini hema lisikae ukingoni. Hewa baridi ni nzito, usiku hutiririka kutoka mitelemkoni na kutulia bondeni juu ya maji, na ukungu hukaa huko huko. Pandeni kidogo kwenye mwinuko, hatua 80 hivi au zaidi kutoka majini, na mtapata usiku wenye nafuu na mandhari bora kuliko ya chini. Isitoshe, ukingo ni njia ya wanyama wanaokuja kunywa. Uwanda ule wa nyasi juu ya msitu una vishungi virefu, na kati yake ardhi hunywa maji kama sifongo. Kanyaga kwa kisigino, ubonyeze kwa nguvu, kisha uondoe mguu. Shimo la kisigino likijaa maji, sogea. Ukipata pakavu, lala chini chali kabla ya kukunjua hema, uone kichwa kinaelekea juu au chini na jiwe liko wapi. Ukiona kinyesi kibichi cha nyati au kijia kilichokanyagwa hadi udongo ukaonekana, hapo pana wenyewe. Mlango wa hema uelekezwe upande usio na upepo, na kama mtaweza, mashariki, jua liwapate mapema.

Nyati na ndovu hupanda kutoka msituni hadi uwanda huo, ingawa mara nyingi watakuepuka ukiwapa nafasi. Usiku mtu akitaka kujisaidia, asiende mbali, awashe tochi na azungushe mwanga taratibu pande zote kabla ya kutoka, akitafuta macho yanayong'aa. Aende na mwenzake. Chakula chote kilale garini, hata biskuti moja isibaki hemani. Fisi ni mwoga wa watu lakini hana haya mbele ya harufu ya nyama, na panya watatoboa hema zuri kwa ajili ya karanga.

Nina pingamizi kuhusu ratiba yenu, na naomba mlichukue kwa uzito kama lile la jiko. Kutoka Kasarani alfajiri na kulala karibu mita 3,500 usiku huo huo ni kupanda haraka mno. Ugonjwa wa mwinuko huweza kuanza kuanzia mita 2,500, na pale ziwani kila pumzi hubeba kama theluthi mbili tu ya oksijeni ya Mombasa. Kijana mwenye mazoezi ya kila siku anaweza kuumwa na mvutaji sigara akasalimika, hakuna anayejua mpaka afike. Ondokeni Ijumaa. Laleni usiku wa kwanza karibu na lango la Chogoria, lililo kwenye mita 2,950 hivi, katikati ya mianzi na misitu ya juu, kisha Jumamosi mpande polepole hadi ziwani. Kama Ijumaa haiwezekani, ahirisheni mpaka iwezekane.

Mtu akiumwa kichwa kidogo akapoteza hamu ya kula, apumzike, anywe maji, asipande zaidi. Akizidi, mpimeni hivi: mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine, hatua kumi. Akiyumba kama mlevi, au akikohoa na kuhema akiwa ameketi, au akaanza kusema yasiyoeleweka, mteremsheni usiku huo huo. Msingoje kuche, na msimwache alale peke yake. Kuteremka mita 500 au zaidi ndiyo tiba. Mwenye shinikizo la damu, pumu au ugonjwa wa moyo amwone daktari wake kabla ya kulipa chochote.

Njia mnaijua nusu: Thika, Makutano, Embu, Chuka, hadi mji wa Chogoria. Kutoka mjini kuna kama kilomita 30 za kupanda msituni hadi langoni, na gari liwe la magurudumu manne yanayovuta. Mvua ikinyesha udongo ule hugeuka sabuni. Hali ya kiangazi ikiwa nzuri, gari kama hilo hufika hata karibu na ziwa, vinginevyo ni kutembea saa kadhaa kutoka langoni. Hifadhi iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na malipo hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Lipeni mkiwa bado Nairobi na mhifadhi risiti kwenye simu, kwa kuwa mtandao mlimani huja na kuondoka. Pale Chogoria mtapata waongozaji na wapagazi. Chukueni mwongozaji mmoja. Nyinyi ni wageni wa mlima, ukungu unaweza kufunga mkaona hatua kumi tu mbele, na gharama ya mtu mmoja mkigawana watano si kitu. Mwachieni askari wa lango siku na saa mnayotarajia kurudi. Januari mmechagua vizuri: mvua za vuli zimekwisha, masika hazijaanza hadi Machi, ingawa upande wa Chogoria hupata mvua zaidi kuliko ule wa lango la Sirimon, kwa hiyo makoti ya mvua yabebwe.

Maji ya ziwa yatawapendeza macho. Yachemsheni hata hivyo. Kule maji huchemka kwenye nyuzi 88 hivi, si 100, kwa hiyo yaacheni yatokote dakika tatu kamili. Kwa sababu hiyo hiyo maharagwe hayataiva mpaka mchoke kungoja. Bebeni githeri iliyokwisha kuchemshwa nyumbani, au mchele na ndengu zilizoiva, mpashe tu. Mkibeba jiko la gesi la kopo, jueni kwamba gesi ya butani hukataa kugeuka mvuke baridi inapokaribia sifuri, na moto unakuwa mnyonge. Kopo lilale nanyi, ndani ya jaketi au mfuko wa kulalia, limefungwa vizuri na kutenganishwa na jiko. Asubuhi litawaka.

Kuhusu moto wa nje, naomba msiwashe kabisa uwandani. Nyasi za Januari zimekauka, upepo haukosi, na Machi 2012 tuliona jinsi mlima ule unavyoweza kuungua siku baada ya siku. Mimea ya pale hukua polepole mno. Lobelia zile kubwa mtakazoziona jioni zikikunja majani kufunika kiini chao kisigandwe na baridi zinaweza kuwa na umri mkubwa kuliko nyinyi. Zishikeni kwa macho.

Choo ni shimo la urefu wa kiganja na vidole, sentimita 15 hadi 20, mbali na maji kwa hatua zile zile 80 au zaidi, lifukiwe na nyasi zirudishwe juu. Karatasi zirudi nanyi kwenye mfuko. Msioshe vyombo wala miguu ziwani kwa sabuni. Mito ya upande huo inateremka hadi Tana, na kabla ya kufika huko imepita mashamba na nyumba za watu wanaoteka maji hayo kwa mtungi.

Jua huzama saa kumi na mbili na nusu, na baridi hufika nalo papo hapo. Hema liwe limesimama, chakula kimeiva na nguo kavu zimevaliwa kabla ya hapo. Alfajiri msikurupuke kukunja kila kitu. Ngojeni jua lifike, sakitu iyeyuke, mnywe chai mkilitazama ziwa. Hema bado litakuwa na unyevu mkilifunga, na huwa hivyo hata kwetu tuliozoea. Mkifika Kasarani Jumapili usiku, lianikeni kwenye kamba za nguo juu ya paa la ploti, siku mbili, mligeuze ndani nje. Likifungwa bichi wiki moja tu, ukungu utakula mishono, na safari ijayo litavuja.